"Dada" wa dukani ni babu: nishike lipi?

*"Mimi ni mzaliwa wa Koboko, naishi Jinja na nina mtoto mmoja. Mume wangu ni Msoga, mimi ni Mkakwa, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kwa hiyo ndicho tunachozungumza nyumbani. Ninauza katika duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kigujarati. Siku yangu ya kwanza nilimsikia kijana wa tajiri akimwita mzee mwenye mvi 'dada', nikadhani anamdhihaki. Baadaye nikasikia mwanamume mwenye masharubu akiitwa 'mama'! Mwenzangu wa kazini akanionyesha video kwenye simu inayosema huu ni ushahidi kwamba lugha zote duniani zilitoka katika lugha moja ya Afrika. Baba yangu mkubwa, askari mstaafu, naye husema Idi Amin aliitwa Dada kwa sababu kila alipokutwa na mwanamke hemani alijitetea, 'Huyu ni dada yangu.' Na sasa mwanangu wa miezi 10 kutwa anaimba 'dadadada'. Mama mkwe anasema anamwita dada atakayezaliwa. Mimi ninaogopa kwamba tunamchanganya mtoto kwa lugha tatu. Nishike lipi?"*

Dada yangu, umeuliza mambo manne, na yote yananing'inia kwenye silabi moja iliyorudiwa mara mbili. Nianze na dukani, kwa sababu huko ndiko ulikoshtuka kwanza.

Kijana yule hakumdhihaki mzee. Katika Kigujarati *dada* ni babu mzaa baba, na mke wa babu huyo ni *dadi*. *Kaka* ni baba mdogo. *Mama* ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi, yule ambaye Waganda humwita *kojja*. Kwa hiyo mwenye masharubu aliitwa mjomba, tena kwa heshima zote. Ukikaa zaidi na familia hiyo utaona kwamba kila upande wa ukoo una majina yake: wa kuumeni hawachanganywi na wa kikeni. Waganda wanalielewa jambo hilo vizuri, maana kwao *ssenga* ni shangazi, na mama mdogo haitwi *ssenga* hata siku moja.

Sasa angalia jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Ukitoka kwa Wagujarati ukaenda kwa Wabengali, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kigujarati, *dada* si babu tena, ni kaka mkubwa. Kwa Wamarathi wa Mumbai na viunga vyake ni kaka mkubwa pia. Neno limeteleza ndani ya ukoo mmoja wa lugha, ila limebaki kwa mwanamume mkubwa kwa umri. Ukitoka nje ya ukoo huo, mambo yanatawanyika kabisa. Kwa Waewe wa Ghana na Togo *dada* ni mama mzazi. Kwa Wafulani wengi *daada* pia ni mama. Mtoto wa Kiingereza akisema *dada* anamwita baba. Mturuki anapomwita babu yake husema *dede*. Na Mjojia, kule kwenye milima ya Kaukazi, mama yake mzazi ni *deda*, na baba yake, amini usiamini, ni *mama*.

Hapo ndipo mtengeneza video aliporuka juu kwa furaha: sauti ileile, kila mahali, na kila mahali inamtaja mtu wa familia! Ninaelewa furaha yake. Lakini hebu tujiulize swali ambalo hakujiuliza. Kama neno hili lingekuwa limerithiwa kutoka lugha moja ya kale, likapita vinywa vya vizazi mamia kwa mamia, kwa nini sauti isibadilike hata kidogo, ilhali maana imerukaruka kutoka babu kwenda mama, kaka, baba na dada? Urithi wa lugha haufanyi kazi hivyo. Katika urithi wa kweli, sauti ndizo zinazobadilika, tena kwa utaratibu.

Nikupe mfano wa ndugu wa kweli unaowasikia kila siku Jinja. Kiswahili kinasema *kupa*, Kiganda kinasema *okuwa*, na Kinyankole kinasema *okuha*. Kiswahili kinasema *kupona*, Kiganda *okuwona*. Umeona? Penye *p* ya Kiswahili, Kiganda kina *w*. Lakini Mganda akitaka umpe kitu atasema *mpa*, siyo *mwa*, kwa sababu *p* ikitanguliwa na *m* hulindwa, haigeuki. Sasa chukua neno *upepo* na mwenzake wa Kiganda, *empewo*. Ile *p* ya kwanza imelindwa na *m*, imebaki. Ya pili haikuwa na mlinzi, imekuwa *w*. Neno moja tu, na kanuni yote imo ndani yake! Huo ndio ushahidi ambao mahakama ya lugha inaupokea. Mtu asiyejua kanuni hii anaweza kuyatazama *kupa* na *okuha* akasema hayafanani, na kumbe yana babu mmoja. Na anaweza kuliona *dada* la Jinja na *dada* la Gujarat akasema ni pacha, na kumbe hayakuzaliwa tumbo moja.

Basi kufanana huku kumetoka wapi? Jibu liko mapajani mwako, dada, kwa huyo mwanao wa miezi 10.

Kinywa cha mtoto mchanga hakiwezi sauti zote. Kati ya miezi 6 na 10 hivi, mtoto anayesikia vizuri huanza kubwabwaja: anafungua taya na kulifunga, mara nyingi, kwa mdundo. Taya likifunguka, sauti rahisi kuliko zote ni *a*, maana ulimi hauna kazi ya kufanya. Likifunga kwa midomo kugusana, unapata *ba*, *pa* au *ma*. Likifunga kwa ncha ya ulimi kugusa nyuma ya meno ya juu, unapata *da*, *ta* au *na*. Sauti kama *gh*, *th* au *r* ni kazi nzito, zinakuja baadaye sana. Kwa hiyo mtoto wa Jinja, wa Tbilisi kwa Wajojia na wa Kolkata kwa Wabengali, wakilazwa kwenye mkeka mmoja, wataimba nyimbo zilezile chache: *bababa, mamama, dadada, tatata, nanana*. Hakuna aliyewafundisha. Hawajui wanachosema, kwa sababu bado hawasemi kitu; wanafanya mazoezi ya mashine.

Anayetia maana ni mtu mzima aliyekaa karibu. Mama anasikia *mama*, moyo unaruka, anaitika. Babu anasikia *dada* au *tata*, anasema, "Ameniita!" Mtoto naye anagundua kwamba sauti fulani inaleta uso fulani wenye tabasamu, anairudia. Baada ya vizazi kadhaa, jamii nzima imeafikiana kwamba sauti hii ni ya huyu na ile ni ya yule. Wagujarati wameigawa kwa namna yao, Wajojia kwa namna yao. Akiba ya sauti ni ileile kwa kila mtoto, ugawaji ndio unaotofautiana.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kumtaja mama na baba kutoka lugha za pande zote za dunia. Mtaalamu wa isimu Roman Jakobson alipoyatazama, alisisitiza jambo lenye mantiki nzuri sana: sauti zinazopitia puani, yaani *m*, *n* na *ng'*, zilionekana katika asilimia 55 ya maneno ya "mama", lakini katika asilimia 15 tu ya maneno ya "baba". Maelezo yake ni kwamba mtoto anaponyonya midomo imefunga, na sauti pekee inayoweza kutoka ni mguno wa puani. Mguno huo unakuwa wa kuomba titi, kisha wa kumwomba mwenye titi. Ndiyo maana *mama* huelekea kwa mama mara nyingi zaidi, ingawa Wajojia na wajomba wa Kigujarati wanatuonyesha kwamba huo ni mwelekeo, si sheria. *Dada* haina mguno wa puani, kwa hiyo iko huru zaidi, yeyote mwenye kukaa karibu na mtoto anaweza kuipata.

Sasa *dada* letu la Kiswahili. Je, nalo limetoka tu kwenye mkeka wa mtoto? Hapa ninakwenda taratibu, kwa sababu ninaamini hapana. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno jingine, *umbu*, ambalo mwanamume alilitumia kumtaja ndugu yake wa kike. Bado linapatikana katika mashairi na kamusi kubwa. Linganisha na Kiganda: mwanamume akimtaja ndugu yake wa kike husema *mwannyinaze*, na mwanamke akimtaja ndugu yake wa kiume husema neno hilohilo, *mwannyinaze*. Neno halisemi kama ndugu ni wa kike au wa kiume, linasema kama ni wa jinsia yangu au si wa jinsia yangu. Huo ndio mpangilio wa kale wa lugha nyingi za Kibantu, na ndiyo sababu Mganda anayejifunza Kiswahili huwa anasitasita kidogo kabla ya kuchagua *kaka* au *dada*.

*Kaka* na *dada* yameleta mpangilio mwingine: unatazama jinsia ya unayemtaja, basi. Yametoka wapi? Kusini mwa Iran, pande za Shiraz, *kaka* hutumika kwa ndugu wa kiume, na kwa Waluri wa huko *dada* ni ndugu wa kike. Wafanyabiashara wa Ghuba ya Uajemi walifika pwani yetu kwa karne nyingi, na Kiswahili kina maneno mengine ya Kiajemi ambayo hakuna anayeyabishia, kama *bandari*. Kama lingekuwa neno moja tu, *dada*, ningesema ni bahati ya kinywa cha mtoto. Lakini hapa ni jozi: *kaka* na *dada* pamoja, maana zote mbili zimekaa mahali pake, na njia ya safari inajulikana. Jozi yenye njia ina uzito kuliko neno pweke. Kwa hiyo ninaegemea upande wa mkopo. Mwenzangu wa fani hii akisema ni sauti ya mtoto iliyokutana na mkopo njiani, sitagombana naye. Hayo mawili yanaweza kusaidiana.

Utasikia pia kwa Wakongomani wanaovuka pale Mpondwe kwamba ndugu mkubwa ni *yaya*. Usishangae ukikumbuka kwamba Kampala *yaya* ni mlezi wa mtoto. La Kampala lina safari ndefu: Wareno walisema *aia*, India ikalichukua kuwa *aya*, nasi tukalipokea kutoka huko. La Kongo lina asili nyingine. Maneno mawili, vazi moja.

Na wakati mwingine hata familia haimo, ni bahati tupu. Kwa Wayoruba wa Nigeria, Dada ni jina la mtoto aliyezaliwa na nywele zilizosokotana zenyewe, na jina hilo huhesabiwa kuwa mtoto amekuja nalo kutoka mbinguni. Kiyoruba kina toni, silabi hupanda na kushuka, na ukiandika bila alama za toni unapoteza nusu ya neno, kisha unalikuta "linafanana" na la Kiswahili. Japani, mtoto anayegaragara chini akidai kitu husemwa kwamba anakanda *dada*. Ufaransa *dada* ni farasi katika lugha ya watoto, na Romania *da, da* ni "ndiyo, ndiyo". Mwaka 1916, Ulaya ikiwa katikati ya vita, wasanii waliokimbilia Zürich walilichagua neno hilo kuwa jina la harakati yao, na mmoja wao, Hugo Ball, aliandika kwa kulipenda jinsi lilivyokuwa na maana hii huku na ile kule. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000. Silabi rahisi za kurudia mara mbili hazizidi ishirini na kitu. Gawanya mwenyewe uone kama zinaweza kukosa kugongana.

Nije kwa baba yako mkubwa, na hapa ninaomba nizungumze kwa uangalifu, maana jina hilo bado linaumiza watu wengi nchini mwetu, na kwenu Koboko ni jina la nyumbani pia. Hadithi ya hemani imesimuliwa sana, tena kwa vicheko, hata katika maandishi ya wageni. Ninaelewa ilivyozaliwa. Amin aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, miaka ya 1940, lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili, na kambi ya Jinja ilikuwa mojawapo ya makazi yake. Mwaka 1973 aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Basi watu wakazoea kukisoma kila chake kwa Kiswahili. Lakini kwa maelezo ya familia yake, Dada lilikuwa jina la baba yake mzazi kabla yake. Kama baba alikuwa nalo, mwana hakulipata hemani. Na baba huyo alikuwa Mkakwa. Kikakwa ni ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini, ni jamaa wa mbali wa Kikaramojong na Kimaasai, na hakina undugu wowote na Kiswahili. Jina la mtu hutafutiwa maana katika lugha ya waliompa.

Kwa jambo hili, dada, simu haitakusaidia, na mimi mwenyewe si Mkakwa. Wewe una bahati ambayo mimi sina. Siku ukienda nyumbani, kaa na wazee, hasa wanawake wazee, kwa sababu mara nyingi ndio wanaokumbuka nani alipewa jina gani, kwa tukio gani, na linatamkwa kwa kupanda au kushuka vipi. Waombe ruhusa, warekodi sauti zao. Ukipata kitu, watu wa lugha pale Chuo Kikuu cha Makerere watakipokea kwa mikono miwili, maana majina ya Kikakwa hayajaandikwa kwa wingi unaostahili.

Sasa mwanao. Mama mkwe amefanya kile ambacho akina bibi wamekifanya tangu binadamu aanze kusema: amesikia sauti, akaipa mwenyewe. Usimkatalie kwa ukali. Lakini mtoto wa miezi 10 anayesema *dadadada* hamwiti mtu, na hatabiri mimba. Anacheza na ulimi wake, na kwa umri huo ni habari njema. Utajua imekuwa neno siku atakapolitumia kwa mtu au kitu kilekile kila mara, akilitazama na kungoja jibu; kwa watoto wengi hilo huanza karibu na mwaka mmoja.

Kuhusu lugha tatu, ondoa hofu. Lugha nyingi hazimwezi mtoto, na Uganda imelea watoto hivyo tangu zamani. Atachanganya, atasema sentensi yenye Kisoga mwanzoni na Kiswahili mwishoni, na hiyo si dalili ya ugonjwa. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja, usihesabu ya Kiswahili peke yake ukasema amechelewa. Na usiache kumwimbia Kikakwa. Mara nyingi lugha inayoachwa ni ile ya mzazi anayeishi mbali na kwao, na mzazi huyo kwenu ni wewe.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiri wala kutafutiwa maelezo ya lugha. Kama mtoto amefika mwaka mmoja bila kubwabwaja kabisa, hashtuki mlango ukigongwa kwa nguvu nyuma yake, au masikio yake hutoa usaha mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya na uombe masikio yapimwe. Hospitali ya Mulago, Kampala, ina idara ya masikio, pua na koo, na wahudumu wa kituo wanaweza kukuandikia barua ya kwenda huko. Mtoto asiyesikia vizuri naye hulia na kucheka kama wengine, lakini *dadadada* yake huchelewa, na hilo ndilo huwafumbua wazazi macho. Nenda pia kama miezi 18 imepita bila neno hata moja katika lugha yoyote, kama miaka miwili imefika na haunganishi maneno mawili, au kama alikuwa na maneno kisha yakapotea. Hilo la mwisho, usingoje hata wiki.

Wako anaimba, na hayo uliyoyaeleza hayana dalili hata moja kati ya hizo. Akisema *dadadada*, mtazame usoni, mrudishie *dadadada*, unyamaze kidogo umpe nafasi ya kujibu.